Ndoo ya Msiba na Neno Lililoshuka kwa Ndege

Uvumi niliupata kwa Bi Mkunde muuza mkaa, nami sikuwa nimeuomba. Alikuwa ananipimia mkaa kwa kopo lake lililobonyea, akainua uso na kuniambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo:

"Mama Sikudhani, umesikia? Kuna neno limeshuka kwa ndege."

"Neno gani?"

"Silijui. Hakuna alijuaye. Ila limepokelewa na bendi, na zulia limetandikwa. Wanasema likimgusa mtu, harudi."

"We Bi Mkunde, juzi tu ulisema kuna mbuzi anasoma taarifa ya habari."

"Ya mbuzi nilikosea," alisema, "ila hili la neno nina uhakika nalo."

Nilicheka, nikajitwika mkaa wangu, nikaondoka. Lakini uvumi ule ulinifuata mpaka jikoni. Nasonga ugali, upo. Namfunga mjukuu mgongoni, upo. Nina binti mwenye mdomo, na mama mwenye binti mwenye mdomo hawezi kusikia kwamba kuna neno linachukua watu, halafu akapata usingizi.

Ndiyo maana naandika, mama mwenzangu. Mimi niliishia darasa la saba, sina maneno ya kupamba. Naandika ili ujihadhari. Na nchi ninayoisema si hiyo yako. Hiyo yako ina utulivu, ina maendeleo, na maji yanatoka. Ukiona mahali zimefanana, jua ni macho yako tu. Kayaoshe, kama maji yapo.

*

Hazikupita siku nyingi, redio ikatutaka wote tunyamaze na tukae wima. Akaongea Waziri wa Mpangilio wa Taifa, Mheshimiwa Dakta Kirungu Mwendapole, ambaye sauti yake siku zote hutangulia kukohoa.

"Ndugu wananchi. Wataalamu wetu wamechunguza kwa nini nchi yetu inasumbuliwa na hali fulani, ambayo sitaitaja. Wamegundua chanzo. Chanzo ni maneno! Tazameni mzigo mliorithi kwa mababu. Fujo. Vurugu. Ghasia. Rabsha. Zahama. Tafrani. Vurumai. Purukushani. Kizaazaa. Patashika. Sokomoko. Songombingo. Varangati. Mshikemshike. Nauliza, na ninajiuliza, na ninaiuliza historia: taifa lenye maneno yote hayo ya jambo moja, jambo lenyewe litalikosaje?"

Makofi yakapigwa nyuma yake.

"Hivyo basi, kuanzia saa hii, maneno hayo yote yamestaafishwa kwa manufaa ya umma. Badala yake serikali yenu sikivu imeagiza kutoka ng'ambo neno moja tu, jipya, la Kiingereza, lenye ubora wa kimataifa. Neno hilo ni keosi."

Alilitamka polepole, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Keosi si neno la kuchezewa. Litatumiwa na wenye kibali. Na mtu akiniuliza maana yake ni nini, nitamjibu kifua mbele: neno limetangulia, maana iko njiani. Yupo Mtaalamu atakayetuletea. Wakati tunamsubiri, sheria inaanza kufanya kazi leo."

Mimi sikuelewa, wala sikushtuka. Tangazo la serikali yetu ukilielewa mara ya kwanza, ujue umesikia vibaya. Lakini binti yangu Sikudhani, aliyekuwa kizingitini anamnyonyesha Chausiku wake, alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

"Kwa hiyo mama, wale waliovunjiwa vibanda sokoni, lile lilikuwa nini?"

"Nyamaza."

"Si vurugu, imestaafu. Si keosi, hatuna kibali. Basi halikutokea!"

"Sikudhani, kuta zina masikio."

"Kuta zetu ni za mabati, mama. Zina matundu."

Huyo ndiye binti yangu. Mumewe yuko kambi ya barabara huko mbali, wamebaki kwangu yeye na mtoto wake. Mtoto ni wa kunyonya tu, hajaonja kitu kingine.

*

Sasa nikueleze bomba letu, maana bila bomba hutaelewa.

Mtaani kwetu bomba ni moja, na maji hutoka yakijisikia. Kwa hiyo hatupangi watu, tunapanga ndoo. Ndoo yako ikishakaa foleni, wewe nenda kapike, kafue, kagombane na mumeo. Ndoo inakuwakilisha, na hakuna wa kuigusa. Isipokuwa moja. Ukiona ndoo imefudikizwa, mdomo chini kitako juu, hiyo ni ndoo ya msiba. Maana yake kuna nyumba ina maiti inayongoja kuoshwa. Ndoo hiyo haikai foleni. Wa nyuma anampokeza wa mbele, mkono kwa mkono, mpaka kwenye koki, na ikishajaa, mwenye nguvu anaibeba mpaka mlangoni kwa wafiwa. Mfiwa mwenyewe haji bombani. Hakuna anayeuliza nani kafa, kuuliza ni aibu. Hatukuandikiwa popote. Tulikuta wakubwa wanafanya, nasi tunafanya.

Siku hiyo alikuwa amefariki Mzee Kangomba, fundi baiskeli. Ndoo yake ya bluu yenye mpini wa waya ikaja imefudikizwa. Nikampokea Sikudhani mtoto ili asaidie, naye akaipokea ndoo aipitishe mbele.

Wakati huohuo akatokea Afisa Mpangilio wa kata, kijana anaitwa Bwana Tegemea. Wizara ilikuwa imempa filimbi, na kamba ya kupimia unyoofu wa foleni.

"Simamisha ndoo hiyo! Imetoka mstarini."

"Ni ya msiba, afisa," Sikudhani akasema. "Ya msiba inatangulia."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna aliyeamuru."

"Mmekubaliana kwenye kikao gani?"

"Hakuna kikao. Tunapisha tu."

Bwana Tegemea akafurahi kama mtu aliyeona nyoka kwenye nyumba ya adui yake. "Hebu rudia. Watu wote hawa wamesogea kwa pamoja, bila amri, bila kikao, bila filimbi?"

"Afisa, kuna mtu amekufa."

"Amekufa kwa utaratibu. Ndoo yake ndiyo inayokwenda bila utaratibu." Akapuliza filimbi. "Hii ni keosi!"

Tulikuwa hatujawahi kulisikia kwa karibu namna ile. Watu walirudi nyuma. Bi Mkunde alijifunika uso kwa kanga, kama vile neno lingemrukia.

Laiti Sikudhani angenyamaza! Lakini nilimzaa mwenyewe, nimlaumu nani? "Afisa," akasema, "unanikamata kwa neno ambalo hata wewe hulijui?"

"Ningelijua, ningekuonya tu," akajibu Bwana Tegemea. "Kwa kuwa silijui, nakukamata."

Wakamchukua, wakachukua na ndoo iwe kielelezo. Mzee Kangomba akalala na vumbi lake mpaka jioni. Mimi nikabaki pale na Chausiku mikononi, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyepuliza filimbi.

*

Kituoni nilimkuta Sajini Masumbuko nyuma ya meza. Kulikuwa na mbuzi waliokamatwa kwa kutembea mshazari, wanakula faili zao wenyewe. Askari wawili walikuwa wanagombea kofia moja. Simu zilikuwa zinalia, na iliyopokelewa ni ile isiyolia. Nikafungua mdomo niseme, "Jamani, hapa kuna..." Sajini akainua kidole.

"Mama. Chunga."

"Binti yangu kafanya nini?"

"Keosi."

"Ndiyo nini?"

"Hatujui. Ndiyo maana ni kosa zito."

"Baba, si umpe dhamana? Mtoto wake huyu hapa, ananyonya."

Alinihurumia, sitasema uongo. Alijikuna shingo, akasogeza mbuzi. "Mama, ingekuwa enzi za fujo ningemwachia jioni hiihii. Fujo naijua, nimeishi nayo, ina dhamana. Ghasia nayo ungeleta mdhamini tukayamaliza hapahapa. Lakini keosi! Nitadhamini vipi kitu nisichojua ukubwa wake? Nikimwachia, halafu Mtaalamu aje aseme keosi ni uhaini?"

"Na akija akasema ni chafya?"

"Basi nitakuwa nimemweka ndani kwa chafya. Hakuna askari aliyefukuzwa kazi kwa kuweka mtu ndani."

Chausiku akaanza kulia. Sajini akamtazama kwa wasiwasi. "Huyo analia kwa amri ya nani?"

"Kwa amri ya tumbo."

"Mpeleke anyonye haraka, kabla hajawa mtuhumiwa."

Wakamleta Sikudhani mpaka kwenye nondo. Nikamwegemeza mtoto hapo, akanyonya yeye upande huu wa chuma, mama yake upande ule.

"Mama, Mzee Kangomba aliosheka?"

"Mwanangu, uko ndani, unauliza maiti?"

"Ndoo yake iko chini ya ile meza. Wanatupia majani ya chai. Nimewaambia angalau waifudikize, wanasema hawaigeuzi mpaka maana ifike."

Kesho yake nilipokwenda, hayupo. Wamemhamishia Nyumba ya Mifano. Sajini akanieleza kwamba wote waliokamatwa kwa keosi wanatunzwa huko, ili Mtaalamu akija apate mifano halisi ya kufanyia kazi. Wageni hawaruhusiwi, wasije wakaichafua mifano.

"Na mtoto je?"

"Mtoto si mfano, mama. Hana pa kuingilia."

Basi nikahangaika naye. Nilimpa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akayatema. Uji mwepesi, akautema. Bi Mkunde akaleta chupa ya mjukuu wake, Chausiku akaigeuzia uso kama binti wa ukoo aliyeletewa mchumba asiyemtaka. Kuna jirani aliyejaribu kumpa ziwa lake, akalikataa, akalia mpaka sauti ikakauka. Mashavu yakaanza kupungua. Mama yeyote anajua: kilio kikubwa si cha kuogopa. Kilio cha kuogopa ni kile kinachozidi kuwa kidogo.

*

Nikamfunga mgongoni, nikaenda Wizara ya Mpangilio wa Taifa.

Wizara hiyo imepangwa, tena imepangika. Watumishi wamepangwa kwa kimo, wafupi chini, warefu juu. Kwa hiyo Katibu Mkuu, ambaye Mungu hakumjalia urefu, anakaa kile kibanda cha getini anafungua na kufunga geti, na mlinzi, jitu la watu, yuko ghorofa ya juu kabisa anasaini mikataba. Nilipouliza kama mlinzi anajua anachosaini, Katibu Mkuu aliniambia kwa uchungu, "Hata mimi nilikuwa sijui, mama. Tofauti hakuna."

Akanielekeza Dawati la Matumizi ya Neno. Hapo alikaa Bi Adelina, msichana nadhifu, kucha zake zote urefu mmoja. Dari juu yake ilikuwa inavuja, tone moja moja, ndani ya kikombe chake cha chai. Alikisogeza bila kutazama, kama mtu aliyezoea mke mwenza. Kwenye lifti kulikuwa na mtu amenasa, anagonga na kuita.

"Mwanangu, nisaidie. Binti yangu yuko Nyumba ya Mifano, na mtoto huyu anakwisha. Huyo Mtaalamu anakuja lini?"

"Mama, kwanza ufahamu matumizi," akasema, akaanza kukariri macho yametazama ukutani. "Neno keosi halitumiki kwa kitu chochote chenye bendera au nembo ya taifa. Halitumiki kwa jambo lililotokea tangu serikali hii iingie, isipokuwa limefanywa na raia. Kwa nchi jirani linatumika bure, asubuhi na jioni. Halitamkwi kwa mshangao. Halitamkwi kwa kicheko. Mwananchi akiwa ndani yake, anatakiwa kutulia mpaka atakapoambiwa kwamba yumo."

"Na huyo aliye kwenye lifti?"

"Lifti ina nembo ya taifa, mama. Hana tatizo."

Nikamfungua Chausiku mgongoni, nikamlaza juu ya dawati lake, juu ya hayo matumizi yake yote. Mtoto hakulia. Alifungua tu mdomo na kuufunga, kama anatafuna hewa. Bi Adelina akamtazama. Tone likadondoka ndani ya chai.

"Wewe kwenu mngeiitaje hali hii?" nikamuuliza. "Kwa neno la nyumbani tu."

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Mama yangu angesema songombingo." Halafu akashika mdomo. "Tafadhali, usinisemee."

"Nikusemee kwa nani?"

"Mtaalamu anakuja Jumamosi," akanong'ona. "Kuna Uzinduzi wa Maana pale uwanjani. Mifano yote italetwa. Njoo na mtoto, simama mbele. Sijakwambia kitu."

*

Jumamosi tulikwenda mtaa mzima. Uwanja ulikuwa umefungwa kamba kila upande, wananchi tumepangwa mistari kama mahindi. Mbele kulikuwa na hema la wageni na jukwaa la mifano. Hapo nilimwona Sikudhani wangu amesimamishwa, kibao kimening'inizwa shingoni, amekonda. Sajini Masumbuko alikuwa amemshika mkono. Kando yao palikuwa na mzee mmoja ambaye kuku wake walivuka barabara bila kusubiriana, na mama aliyecheka wakati wa dakika ya ukimya. Kwenye meza, chini ya kitambaa cha mahameli, kulikuwa na kitu chenye umbo la ndoo.

Mtaalamu alikwishafika. Mtu mrefu, mgeni, mwenye miwani, ameketi hemani na mkalimani wake. Tukasubiri wakubwa.

Hapa naomba unielewe. Kwa itifaki ya nchi yetu, mgeni rasmi huingia wa mwisho. Na siku ile, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekubali kuwa mdogo, kila mmoja alikuwa amealikwa kama mgeni rasmi. Kwa hiyo magari yote yalikuwa yanazunguka uwanja, ving'ora vinalia, kila msafara unasubiri mwingine utangulie. Yalizunguka mpaka jua likawa utosini. Mwishowe mafuta yakaanza kuwaishia, na magari yakaamua kuingia. Yote. Kwa geti moja.

Bendi ikaanza wimbo wa taifa kwa gari la kwanza, ikaukata, ikauanza upya kwa la pili, ikaukata tena. Sisi tunasimama, tunakaa, tunasimama. Madereva wakateremka kutukanana kwa heshima: "Mheshimiwa dereva, rudisha mkweche wako nyuma, bosi wangu ndiye wa mwisho!" "Wa mwisho ni wangu, ndugu yangu mheshimiwa, nitakupasua!" Mmoja akarudi nyuma kwa hasira, akagonga nguzo ya hema. Hema likawaangukia Mtaalamu, bendi na wakubwa wote waliokuwa wameshateremka, na bendi, kwa nidhamu, ikaendelea kupiga chini ya turubai.

Watu wakakimbia. Kamba zilizotunyoosha sasa zikatunasa miguu. Wa nyuma wakasukuma, wa mbele wakaanguka, nami nikabanwa katikati, mgongo huku, kiwiko kule, Chausiku nimemkumbatia kifuani. Nilipiga kelele, hakuna aliyesikia. Mtoto hakulia kabisa. Nilisikia kifua chake kidogo kinakandamizwa kwenye changu na sina hata nafasi ya kunyoosha mkono.

Sikudhani alituona kutoka jukwaani. Hakupiga kelele. Alivuta mkono wake kwa Sajini, akavuta mahameli, akaishika ile ndoo ya bluu, akamwaga majani ya chai, akaiinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, mdomo chini, kitako juu.

Aliyekuwa karibu na jukwaa akaiona. Akasimama. "Msiba," akasema.

"Msiba huo. Pisheni."

"Pisha, pisha baba, msiba."

Likaenda neno hilo mdomo kwa mdomo, na lilipofika, watu waliacha kusukuma. Aliyeanguka akainuliwa. Kamba zikanyanyuliwa. Sajini Masumbuko akavua kofia, naye alizaliwa mtaa wenye bomba moja. Askari wote wakavua. Njia ikafunguka kutoka jukwaani mpaka niliposimama, na Sikudhani akaipita na ndoo ya marehemu kichwani, miguu peku. Foleni nyingi zilinyooshwa nchini kwetu mwaka ule. Iliyonyooka ni ile, na hakuna aliyeivutia kamba.

Alifika, akaniwekea ndoo miguuni, akamchukua mtoto. Nilidhani amechelewa. Halafu nikasikia Chausiku anameza.

*

Ningependa niishie hapo, lakini maana ilikuwa bado haijazinduliwa.

Mtaalamu alitambaa kutoka chini ya turubai, koti limechanika, miwani ina jicho moja. Akatazama hema, akatazama magari yaliyopandana, akatazama tarumbeta inayotoa sauti chini ya kitambaa. Akanyoosha kidole, akapiga kelele kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekutana na nduguye ugenini: "Keosi! Keosi! Keosi!"

Mkalimani akashika kipaza sauti. "Mtaalamu anasema amefurahishwa sana na mapokezi."

Mtaalamu akatikisa kichwa, akakanyaga chini, akaonyesha wakubwa wanaotambaa wakigombania nani atoke wa mwisho. "Keosi!"

"Anasema mapambo nayo ni mazuri."

Bwana Tegemea akapuliza filimbi. Mtaalamu alikuwa ametumia neno bila kibali, kwa mshangao, juu ya kitu chenye bendera. Wakamchukua. Maana ikaondoka mbele ya macho yetu, imeshikwa kwapa huku na huku.

Mheshimiwa Dakta Mwendapole akapandishwa juu ya boneti la gari. Kamera zote zilimtazama. Lazima maana itoke, taifa limekwisha kutangaziwa. Akakohoa. Akatazama kulia, bendera. Akatazama kushoto, bendera. Kila kilichoanguka uwanjani pale kilikuwa mali ya serikali. Akahangaika na macho, maskini, akitafuta kitu chochote kisicho na nembo. Akatuona sisi: ile njia iliyofunguka, watu wamesimama pembeni, kofia mikononi, na binti katikati ananyonyesha.

"Ile pale!" akapaza sauti. "Wananchi, mmeiona kwa macho yenu! Keosi ni hali ya watu kupishana bila kuamriwa!"

Na walioko chini ya turubai wakapiga makofi.

*

Sikudhani yuko nyumbani; siku ile tuliondoka naye makofi yakiendelea. Sajini Masumbuko alikuja kumfuata baadaye, akakaa kizingitini na kofia yake magotini.

"Mama, nimetumwa nimkamate. Maana imetoka, ana hatia kamili."

"Mkamate basi."

"Nikimkamata yeye, na mimi nilipisha. Itabidi nijikamate. Na nani atanipeleka?"

"Wenzako."

"Wenzangu nao walipisha." Akatafakari, akanywa maji, akaondoka. Mpaka leo shauri limekaa hivyo hivyo, halifungwi wala halifunguliwi.

Unadhani nimefurahi? Nimechoka, mama mwenzangu. Chausiku amerudisha mashavu, namshukuru Mungu. Lakini sasa Bwana Tegemea anashinda bombani na kamba yake, na kila mtu anaijua maana. Juzi Bi Mkunde amefariki. Ndoo yake ikaletwa, na aliyeileta hakuthubutu kuifudikiza. Akaiweka wima, mwisho wa foleni, kama ndoo yoyote. Wote tuliijua. Nani asiyeijua ndoo yenye vumbi la mkaa? Tukatazama vidole vyetu vya miguu. Maji yalikuwa yanatoka kama machozi ya mtu mkavu. Jua likapanda, na Bi Mkunde nyumbani anasubiri.

"Mama," Sikudhani akaniambia, macho yake kwenye ndoo ile, "niachie mkono."

Sikumwachia.

Basi, haya ndiyo ya kuepuka huku kwetu, na kama yameshafika kwenu, uyaepuke na wewe:

Usipishe mtu kabla hujaamriwa.

Usifudikize ndoo, hata kuikausha. Ikaushe imelala ubavu.

Usivue kofia njiani.

Usimwinue aliyeanguka mpaka filimbi ilie.

Usipokee mtoto wa mwenzio ili asaidie msiba.

Usilie kwa amri ya tumbo.

Usiseme songombingo, hata kwa mama yako.

Usiulize maana. Ikiwa haijaja, usiombe ije.

Usijaribu kumshika mkono binti mwenye mdomo siku nzima. Utachoka wewe kwanza.

Usife siku ambayo foleni ni ndefu.